Gitaa Lenye Namba Mgongoni

Chomoa waya, na gitaa la umeme linarudi kuwa ubao. Gitaa kavu lina tumbo, na tumbo hilo ndilo linaloikuza sauti. La umeme, kwa aina nyingi, halina tumbo wala tundu; ni kipande cha mti kilichochongwa, kikaungwa na shingo, kikafungwa nyuzi sita za chuma na sumaku chache. Ukilicharaza bila umeme unasikia kamlio kadogo, kama mbu aliyenaswa ndani ya chupa. Mimi nayapenda kwa sababu hiyohiyo. Tumbo likishaondoka, kinachofanya gitaa moja lisilie kama jingine ni uamuzi wa mtu fulani: koili izungushwe hivi, shingo iwe ndefu kiasi hiki, swichi ikae hapa. Maamuzi hayo unaweza kuyaona kwa macho na kuyashika kwa mkono, na mtu akishakuzoesha kuyaona, husikilizi tena muziki wa dansi kama zamani.

Aliyenizoesha ni baba yangu, ingawa majina ya magitaa hayajui. Alipiga rithimu miaka 12, kuanzia 1974 hadi 1986, katika bendi ya shirika moja la umma. Mimi nimesoma majina, miaka na vipimo. Yeye ana masikio na vidole, na vidole vyenyewe siku hizi vinamgomea. Ndiyo maana naandika haya.

Nianze na gogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 mpiga gitaa wa Marekani aitwaye Les Paul alichukua boriti nene ya inchi 4 kwa 4, akaiunga na shingo ya gitaa, akaipachika pikapu alizotengeneza mwenyewe. Alikiita kitu hicho Gogo. Kwa masimulizi yake, alipokipeleka mbele ya watu, watu walitazama tu. Akachukua gitaa la kawaida, akalipasua katikati, akabandika nusu moja kushoto mwa boriti na nusu nyingine kulia. Ubao ulikuwa uleule na sauti ileile, lakini safari hii watu walifurahi, kwa sababu sasa waliona gitaa. Nilipomsimulia baba kisa hiki alicheka mpaka akakohoa. “Si ndiyo maana sisi tulishonewa sare,” akasema. “Watu wanasikiliza kwa macho, mama.” (Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake.)

Sasa, pikapu. Si gari, ndugu msomaji. Ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, mizunguko elfu kadhaa. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake unaivuruga sumaku, na mvurugo huo unazaa umeme kidogo ndani ya ule waya. Kanuni hiyo Michael Faraday aliionyesha Uingereza mwaka 1831, kabla mtu yeyote hajaota kuipigia rumba. Umeme huo mdogo unasafiri kwenye kebo hadi kwenye amplifaya, unakuzwa, unasukuma sipika. Kwa hiyo pikapu haisikii hewa wala sauti yako wewe. Inasikia chuma tu. Funga nyuzi za nailoni na gitaa la umeme linakuwa bubu.

Aliyeichukua kanuni hii akaifanya biashara kubwa alikuwa fundi redio. Leo Fender alifungua karakana ya kutengeneza redio huko Fullerton, California, mwaka 1938, na hadi anakufa hakujua kupiga gitaa. Nampenda kwa hilo. Alilitazama gitaa kama fundi wa Kariakoo anavyoitazama simu iliyofunguka mfuniko: nini kinaharibika mara kwa mara, na mtu atakibadilishaje upesi? Magitaa mengine shingo zake ziligandishwa kwa gundi. Yeye akaifunga shingo kwa skrubu nne. Ikivunjika, fungua, weka nyingine, kesho mtu yuko kazini. Mwaka 1950 akalitoa gitaa lililoitwa Broadcaster, na mwaka uliofuata likapewa jina Telecaster, kwa sababu kampuni nyingine ilikuwa tayari na ngoma zenye jina linalofanana.

Telecaster ni ubao hasa. Pikapu mbili, swichi moja, vitufe viwili vya kuzungusha, basi. Pikapu yake ya nyuma, ile iliyokaa darajani, ina sauti kali inayokata kama wembe mpya. Ukiwa ukumbini mna tarumbeta tatu, saksafoni mbili na waimbaji wanne, sauti ya namna hiyo inapita katikati yao bila kumsukuma mtu. Gitaa hili halikufichi. Ukikosea kidole, ukumbi mzima umesikia.

Miaka mitatu baadaye, 1954, likaja Stratocaster, na hapa ndipo nilipompata baba. Nyumbani Morogoro tuna picha moja tu, ya rangi nyeusi na nyeupe, inayomwonyesha akiwa jukwaani. Mpiga picha alikata kichwa cha gitaa, mahali ambapo jina la kiwanda huandikwa. Nikabaki kulisoma kwa viungo vyake kama daktari wa mifugo. Pembe mbili, ya juu ndefu kuliko ya chini. Pikapu tatu, na ile ya darajani imekaa kwa mshazari. Ubao umechongwa mgongoni ili usimchome mtu mbavuni. Hilo ni umbo la Stratocaster. Ila umbo halitoshi kuwa ushahidi, kwa sababu viwanda vya Japani navyo vilitoa nakala za magitaa ya Marekani, na nyingine ukiziona kwa mbali huwezi kuzitofautisha.

Nikamuuliza kuhusu swichi. Stratocaster za kwanza zilikuwa na swichi ya hatua tatu: pikapu ya mbele, ya kati, au ya nyuma. Wapigaji wakagundua kwamba ukiiegesha swichi katikati ya hatua mbili, pikapu mbili zinalia pamoja, na sauti inakuwa na upenyo wa pekee, laini na yenye uwazi, kama mtu anayeongea huku ametabasamu. Kiwanda hakikuikusudia sauti hiyo. Wapigaji waliitafuta kwa vidole, swichi ikawa inateleza na kurudi, mpaka mwaka 1977 kampuni ikakubali yaishe na kuweka swichi ya hatua tano.

Baba hakuyajua haya yote. Aliposikia neno swichi akanyoosha mkono wa kulia hewani, akakunja kidole cha shahada. “Ile yetu ilikuwa haikai,” akasema. “Ukiiweka si huku si kule, inarudi. Mimi nilikuwa naichomekea njiti ya kiberiti.”

Njiti ya kiberiti! Nilinyamaza kidogo. Kile ambacho wapigaji wa Marekani walikitafuta kwenye studio zao, kijana wa miaka ishirini na ushee alikuwa amekipata kwenye ukumbi wa mkoani, kwa sikio lake tu, bila kuambiwa na mtu.

Lakini gitaa lilikuwa la nani? Bendi nyingi za Tanzania wakati ule zilikuwa chini ya taasisi. NUTA Jazz, iliyoanza 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Mlimani Park, iliyoanza 1978, baadaye ikawa chini ya DDC. Polisi na majeshi walikuwa na bendi zao. Wanamuziki walilipwa mishahara, jambo ambalo wengi wa leo wangelitamani, na walipewa vyombo vya kupigia. Neno lenyewe ndilo hilo, “vyombo”, na aliyevinunua anaitwa “mwenye vyombo”. Mwanamuziki akihama bendi, na walihama sana, alihama na sauti yake na nyimbo zilizo kichwani. Gitaa lilibaki stoo.

Baba hakumbuki kiwanda cha gitaa lake. Anakumbuka namba. Nyuma ya ubao, karibu na shingo, mtunza stoo alikuwa ameandika 14 kwa rangi nyeupe, sawa na viti na meza za ofisi. Kila baada ya dansi lilihesabiwa. Mwaka 1986 alipoacha kazi alilikabidhi, akasaini daftari, akatoka na begi la nguo. Miaka 12 ya kupiga muziki, na nyumbani kwetu hatukuwahi kuwa na gitaa. Nimekua nikimwona akipiga rithimu kwenye meza ya kulia, kwenye usukani, kwenye goti la mama. Mwaka jana vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kukakamaa kwa baridi yabisi, na goti la mama likapumzika.

Nikaamua kwamba kabla mkono ule haujafunga kabisa, baba yangu atamiliki gitaa la umeme. Swali likawa: gitaa gani? Na hapo ndipo mapenzi yangu ya kusoma vipimo, ambayo ndugu zangu wanayaita ugonjwa, yakapata kazi.

Kama ingekuwa kumbukumbu tu, ningemtafutia lenye umbo la Stratocaster. Lakini kuna kipimo kimoja ambacho watu hawakitazami dukani: urefu wa uzi, kutoka pale unapoiacha shingo hadi darajani. Magitaa ya Fender kwa kawaida ni inchi 25 na nusu, kama sentimita 64.8. Ya Gibson ni karibu sentimita 63. Tofauti haifiki sentimita mbili, utasema si kitu. Lakini uzi uleule, ukitaka utoe noti ileile, unahitaji kukazwa zaidi ukiwa mrefu. Kwenye gitaa fupi unalegea kidogo, na kidole kinaukandamiza kwa nguvu ndogo. Kijana wa miaka 20 hahisi lolote. Mzee wa miaka 71 anahisi yote.

Basi nikageukia ukoo wa Gibson, ambao tabia yake ni nyingine kabisa. Gitaa walilolipa jina la Les Paul lilitoka mwaka 1952: mahogani nene, juu yake kipande cha mepo, shingo imegandishwa kwa gundi kama kabati la mafundi wa zamani. Mwaka 1957 likapata pikapu ya Seth Lover, mhandisi wa kampuni hiyo, iliyomaliza kero moja kubwa. Pikapu ya koili moja inanasa mvumo wa umeme wa nyumba kama antena. Kwetu umeme unatetemeka mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo mvumo wake uko karibu kabisa na noti ya G ya chini. Yaani hata ukiwa hujapiga kitu, jukwaa limeshachagua ufunguo. Lover aliweka koili mbili zilizopingana, kwa mzunguko na kwa sumaku. Mvumo ukiingia kwenye zote mbili unajifuta wenyewe, lakini sauti ya nyuzi inajumlishwa. Matokeo yake ni kimya kizuri, na sauti nene, yenye nyama. Uzuri wake ni kwenye solo ndefu za taratibu. Kasoro yake, kwa sikio langu, ni kwamba rithimu ya haraka inapoteza ncha zake, kama sahani iliyotiwa mchuzi mwingi.

Les Paul nililiacha kwa sababu ya uzito. Mengi yanapita kilo nne. Mbebeshe mzee mwenye mgongo halafu umwambie afurahi!

Likafuata SG, umbo la mwaka 1961: jembamba, pembe mbili kali kama za swala, jepesi. Sister Rosetta Tharpe, mwanamke aliyekuwa akipiga muziki wa Injili kwa gitaa la umeme kabla wengi wa wanaoitwa wafalme wa rock hawajaanza, alilipiga jeupe, akiwa na koti lake, Manchester mwaka 1964, kwenye kituo cha treni kisichotumika tena. Tafuta video hiyo uitazame. Sijui mtu mwingine anayeshika gitaa kwa raha kama ile. Lakini SG lina tabia moja: ubao ni mwepesi, kwa hiyo ukiliachia, shingo inashuka chini. Mkono wa kushoto unapiga huku unabeba. Kwa mkono tuliokuwa tunauhurumia, hapana.

Nikabaki na ES-335, la mwaka 1958. Hili ni gitaa la watu wasiopenda kugombana. Magitaa ya umeme yenye tumbo wazi yana sauti tamu, ila ukiongeza amplifaya yanapiga kelele: sauti ya sipika inalitikisa tumbo, tumbo linazitikisa nyuzi, nyuzi zinairudishia sipika, na ukumbi mzima unashika masikio. Gibson wakaacha mbavu wazi na katikati wakapitisha kipande cha mti. Ukilitazama vizuri, ni Gogo la Les Paul lililovaa nguo za kazi. B.B. King alipopewa gitaa lenye jina la Lucille mwaka 1980, la ukoo huuhuu, liliachwa bila yale matundu ya juu ili kelele ile ipungue zaidi.

Kwa baba lilikuwa na sababu tatu. Uzi wake ni mfupi. Tumbo lake pana linakaa juu ya paja na kutulia, kwa hiyo mkono wa kushoto haubebi kitu. Na mbavu zake zikiwa wazi, hata bila umeme linasikika sebuleni. Morogoro umeme unapokatika jioni, gitaa la ubao linakwenda kulala. Hili linaendelea.

Gibson halisi ya aina hiyo ni bei ya kiwanja nje ya mji. Nilichokipata Kariakoo ni nakala iliyotumika, ya rangi ya damu ya mzee, kichwani hakuna jina. Nililipima kwa utepe wa fundi cherehani: sentimita 62 na ushee. Kijana wa duka akanitazama.

“Dada, unamchukulia mume?”

“Namchukulia baba.”

“Mzee yuko kwaya?”

“Alikuwa bendi. Rithimu.”

Hapo akaacha kunibembeleza kuhusu bei, akaingia ndani akatoka na nyuzi mpya nyembamba, zile ambazo ya kwanza ni 0.009. “Mfungie hizi,” akasema. “Za zamani zitamuumiza.” Akateremsha daraja mpaka nyuzi zikakaribia kugusa freti. Akanipigia kidogo. Nilijua kwamba ndilo.

Baba alilipokea amekaa. Jambo la kwanza alilifanya hakulipiga. Aligeuza mgongo wake. Akapitisha kiganja juu ya rangi, karibu na shingo. Kisha akaomba risiti. Akavaa miwani.

“Mama, hapa wameandika jina lako.”

“Ndiyo, Baba. Mimi ndiye niliyelipa.”

“Basi mwenye vyombo ni wewe.”

Alisema kwa utani, na mama akacheka jikoni, lakini gitaa alikuwa ameliweka chini. Nikachukua kalamu. Nyuma ya risiti nikaandika jina lake kamili, nikaandika kwamba gitaa hili ni mali yake, nikaongeza “halirudishwi”, nikasaini na kuweka tarehe. Akaisoma mara mbili. Akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa nailoni anamotunza hati ya nyumba na kadi zetu za kliniki.

Ndipo akapiga. Kidole cha nne hakifiki tena kinapotakiwa, kwa hiyo anashika nyuzi tatu tu za juu, kati ya freti ya tano na ya tisa, na kwa rithimu ya dansi hizo zinatosha. Nilichosikia sikukitegemea. Rekodi zote za Radio Tanzania nilizokua nazo zina solo mbele, na sikio langu lilikuwa likiifuata solo. Rithimu peke yake ni kama kumsikiliza mtu akiongea kwenye simu: anajibu, anakubali, anauliza, ananyamaza kidogo kumwacha mwenzake amalize. Miaka yote ile pale mezani alikuwa akipiga majibu ya mtu ambaye sisi hatukumsikia.

Sasa anapiga kila jioni, kama nusu saa, kisha anakanda vidole kwa mafuta ya mwarobaini. Amekwisha kulalamika kwamba pikapu ya mbele ni nzito mno kwa rithimu, akahamia ya nyuma na kuipunguza sauti kidogo. Ni sawasawa na ambavyo ningemshauri, lakini hakuniuliza. Swichi ya gitaa hili ina hatua tatu. Juzi mama amenipigia simu kuniuliza kama nimeondoka na kiberiti chake cha jikoni.